Baridi ya Kuazima

1

Nyemo Chilongani alikuwa mtu pekee wa Rasi Shunga aliyekwenda kazini na sweta. Wageni waliofika kwa barabara ya Tanga walimcheka: wao nje ya uzio jasho linawatiririka hadi kwenye viatu, yeye ndani ya uzio anapuliza vidole vyake. Kati yao na yeye palikuwa na seng'enge tu. Kilicholeta tofauti kilikuwa chini ya miguu.

Waliuita Mshipa. Lilikuwa bomba pana kuliko pipa la mafuta, limeshuka kutoka ufukweni hadi kwenye kina cha mkondo wa Pemba, mahali ambapo mwanga wa jua haufiki, na lilivuta kutoka huko maji baridi kama ya friji. Yakifika juu, maji yalipita kwenye vibomba vyembamba vilivyozikwa chini ya kila mstari wa mizabibu, yakaipoza mizizi, kisha yakarudi baharini. Hewa nzito ya pwani ilipoigusa ardhi ile ilitoa umande, na umande huo ndio ulionywesha shamba. Asubuhi ukungu ulilala juu ya majani mpaka jua likolee.

Asubuhi hiyo Nyemo aliokota zabibu moja kwenye mstari wa chini, karibu na mikoko, akaitafuna na mbegu zake, akakunja uso. Ilikuwa chachu kiasi cha kufunga taya. Aliitema, akafurahi. Bado. Zilihitaji wiki mbili zaidi za baridi, labda na siku chache.

Aliwahi kuwaeleza wanaushirika jambo hili siku waliyomwajiri. Joto huijaza zabibu sukari haraka na kuinyang'anya uchachu, ndiyo maana mvinyo wa nchi ya joto huwa mzito mdomoni, kama mtu asiyejua kunyamaza. Lakini zabibu inayokua kwenye baridi karibu na bahari inakawia. Inatunza uchachu wake huku harufu ikiingia polepole, na mvinyo wake mweupe unatoka mwepesi, mkavu, wenye kuzindua mdomo, na nyuma yake kuna kitu kama chumvi. Zamani mvinyo wa namna hiyo ulitoka kwenye pwani za mbali za kusini na kaskazini. Pwani hizo sasa zilikuwa na joto kama Dodoma ya utotoni mwake, na Dodoma yenyewe, ambako babu na baba yake walilima zabibu, ilikuwa imebaki vumbi. Mizabibu ya Rasi Shunga ilikuwa ya ukoo wa hizo pwani zilizopotea. Ilikuwa mara yake ya tatu kuzaa.

"Dada Nyemo!"

Riziki Kombo alikuwa anakuja mbio kutoka kwenye nyumba ya pampu, hijabu imelowa jasho, mikono myeusi kwa grisi. Yeye ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa Mshipa, mtu wa Wete, na kwa kawaida hakukimbia hata mvua ikimkuta njiani.

"Pampu ya pili imekufa," alisema.

"Imezima?"

"Imekufa, dada. Moyo wake umepasuka. Nimeagiza mwingine Mombasa, lakini meli hazitembei sawasawa na joto hili. Tumebaki na moja."

"Moja inatosha shamba?"

"Shamba inalitosha." Riziki alijifuta uso na mkono wa shati. "Shamba peke yake. Nje ya hapo hakuna kitu. Na umesikia wanavyosema kuhusu joto linalokuja?"

Nyemo alikuwa amesikia. Kila mtu alikuwa amesikia.

2

Watu wa pwani walikuwa wamelitungia joto hilo jina: joto la jasho. Lilikuja pale hewa iliposhiba maji kiasi kwamba jasho halikauki tena mwilini. Mtu anatoka jasho, linabaki pale pale, na mwili hauna njia nyingine ya kujipoza. Aliyekuwa na afya alilala chini na kuhema. Mzee, mgonjwa, mama mjamzito na mtoto mchanga hawakuwa na muda mrefu.

Siku ya pili ya joto hilo umeme wa mji ulikatika, na viyoyozi vikanyamaza. Mawimbi ndiyo yaliyoendesha pampu ya Mshipa, kwa hiyo yenyewe iliendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea.

Daktari Shemweta wa kituo cha afya alikuja shambani kwa miguu. Alikuwa mwanaume mrefu wa Muheza mwenye sauti ya chini, na alipoingia ndani ya uzio alisimama ghafla, akafumba macho, akavuta pumzi. Kisha akaonekana kuona aibu kwa kufanya hivyo.

"Samahani," alisema. "Nimetoka kuzika."

"Poleni sana, daktari. Nani?"

"Mzee Ngoda, yule fundi saa. Na asubuhi hii nina wengine saba ambao sijui nitawafanya nini. Maji ya kuwalowesha yenyewe yana moto." Alitazama ukungu uliokuwa ukipepea juu ya mizabibu. "Madarasa ya shule yana vibomba sakafuni. Viliwekwa wakati Mshipa unajengwa, halafu havikuwahi kutumika. Fundi Riziki ameniambia kwamba vinafaa."

"Vinafaa," Riziki alisema. Alikuwa amesimama nyuma ya Nyemo. "Nimevijaribu kwa hewa. Ila maji ni ya sehemu moja. Nikifungua huko, nafunga huku."

"Kwa siku ngapi?" Nyemo aliuliza.

"Mpaka joto liondoke," daktari alijibu. "Siwezi kukudanganya na siku."

Nyemo aliitazama mistari. Aliijua mizabibu hiyo kuliko alivyowajua baadhi ya ndugu zake. Ilikuwa imejaa majani, imebeba matunda, inakunywa kwa nguvu zake zote. Udongo ukipata joto ghafla katika hali ile, mizizi ingeoza kabla ya mwezi kuandama. Na si mizabibu tu. Serikali ilikuwa imejitoa kwenye Mshipa miaka mingi iliyopita, na tangu hapo ushirika wa shamba ndio uliokuwa ukiutunza: vipuri, mafundi, wazamiaji wa kusafisha mdomo wa bomba. Shamba likifa, hapangekuwa na mtu wa kuutunza. Mwakani joto lingerudi, na Rasi Shunga isingekuwa na baridi ya kumpa mtu yeyote.

"Nipeleke kwanza," alimwambia daktari. "Nione."

Daktari alimpeleka nyumba ya tatu nyuma ya soko. Ndani mwanamke kijana aitwaye Tatu alikuwa amelala kwenye sakafu ya saruji kwa sababu godoro lilikuwa linaunguza. Alikuwa amejifungua juzi. Mama mkwe wake alikuwa anapepea kwa mfuniko wa ndoo, bila kupumzika, macho yake yakiwa kwa mtoto. Mtoto hakuwa analia. Alikuwa mwekundu na ametulia, na utulivu wake ndio uliomtisha Nyemo.

Nyemo alipiga magoti. Mkono wake, uliotoka shambani, bado ulikuwa na ubaridi kidogo. Aliuweka juu ya kichwa cha mtoto. Mtoto akageuza uso kuufuata mkono ule, kama anavyotafuta ziwa.

"Una mkono mzuri, mwanangu," mama mkwe alisema. "Uache hapo kidogo."

Aliuacha mpaka ukapata joto, na ukawa mkono kama mikono mingine.

3

Mwenyekiti wa ushirika, Bwana Semfuko, aliitisha kikao kwenye banda la kukamulia zabibu. Alikuwa mtu wa makamo, mkulima wa mkonge aliyeshuhudia mkonge ukiisha, na aliipenda mizabibu kwa woga wa mtu aliyewahi kupoteza kila kitu.

"Sikilizeni," alisema. "Hakuna hapa asiyemwonea huruma mgonjwa. Mke wangu mwenyewe yuko nyumbani ameweka miguu kwenye beseni. Lakini huu Mshipa ni nini? Ni bomba linaloishi kwa sababu shamba linaishi. Tukiua shamba leo, tumewapa watu baridi ya wiki moja, na tumewanyima ya miaka yote ijayo. Mwakani Daktari atakuja kwa nani?"

Watu walinong'ona. Maneno yake yalikuwa na uzito, na Daktari Shemweta, aliyekuwa amekaa kwenye kreti karibu na mlango, hakuyapinga.

"Mimi nasema hivi," Semfuko aliendelea. "Mtaalamu tunaye. Nyemo akisema mizabibu itavumilia, fungueni maji yaende shuleni, mimi wa kwanza. Akisema haitavumilia, baridi inabaki hapa, na tutafute njia nyingine ya kuwasaidia wagonjwa. Mama Mvinyo, sema."

Wote wakamgeukia. Nyemo aliona jinsi ilivyokuwa rahisi. Neno moja tu, itavumilia, na yule mtoto angekuwa kwenye sakafu ya baridi kabla ya adhuhuri. Nani angeweza kumkanusha? Lakini watu hawa walikuwa wamekabidhi maisha yao kwenye neno lake, na kama lingekuwa la uongo, wangelijua siku mizabibu itakapokauka, na hapo hawangemwamini tena, yeye wala Mshipa.

"Ikiachwa kama ilivyo, haitavumilia," alisema. "Itakufa."

Daktari aliinamisha kichwa.

"Lakini tusiiache kama ilivyo." Alisimama. Alikuwa anafikiri huku anaongea. "Kwetu Dodoma, kiangazi kikiwa kikali, baba alikuwa anailaza mizabibu. Anavuna, anakata matawi yote mpaka kinabaki kisiki kitupu, ananyima maji. Mti unadhani umekufa, unajifunga. Mvua ikirudi unaamka. Mti usio na majani haunywi, na usipokunywa mizizi inaweza kustahimili udongo wa moto. Nataka tuvune leo. Zote. Halafu tupogoe zote, ndipo Riziki afunge."

"Tuvune zabibu mbichi?" Semfuko aliuliza. "Hizi zinazokunja uso?"

"Hizo hizo."

"Na mizabibu itaamka?"

"Ile ya Dodoma ilikuwa inaamka. Hii ni ya ukoo wa baridi. Sijui, Mwenyekiti. Sitaki kukuambia najua."

Kisha mzee mmoja wa nyuma, aliyekuwa akisinzia kwa joto, akasema kwa sauti ya kuchoka, "Basi tupige kura tukavune, kabla sijafa hapa mimi nikawapunguzia wagonjwa wa Daktari."

Watu walicheka, na mikono ikapanda. Haikupanda yote. Wa Semfuko ulibaki chini. Lakini kikao kilipokwisha yeye ndiye aliyekwenda kuchukua mikasi.

4

Walivuna tangu saa hiyo. Watu wa mjini walikuja pia, wengine ambao hawakuwahi kuvuka uzio kwa sababu ya kilichokuwa kikitengenezwa ndani. Riziki mwenyewe alikuwa hajawahi kugusa pipa la mvinyo na hakuwa na nia ya kuanza, lakini alifunga kanga kiunoni akaingia kwenye mistari.

"Zabibu ni zabibu," alisema Nyemo alipomtazama. "Mkishaziingiza bandani ni zenu na Mungu wenu."

Kreti zilijaa vishada vya kijani kibichi, vigumu, vinavyong'aa kwa umande. Nyuma ya wavunaji walikuja wenye mikasi. Kazi ya kuvuna ilikuwa na vicheko. Ya kupogoa haikuwa navyo. Matawi yenye majani mazima, yenye afya, yalianguka chini kwa marundo, na nyuma yao mizabibu ilibaki visiki vyeusi vilivyopinda. Semfuko alikata mstari wake wa kwanza. Kwenye mstari wa pili Nyemo alimwona amesimama na mkasi mkononi, analia, jasho na machozi havitofautiani. Alienda akasimama karibu naye. Akaanza kukata mti uliofuata. Baada ya muda Semfuko naye akaendelea.

Jua lilipokuwa linaelekea magharibi, Riziki alishika gurudumu la chuma kwenye njia panda ya Mshipa na kulizungusha kwa uzito wa mwili mzima. Chini ya ardhi maji yaliguna, yakakawia, kisha yakageuka. Ukungu wa shambani ulififia kama mvuke wa chai iliyopoa.

Shuleni, wagonjwa walikuwa wamelazwa kwenye mikeka chini ya mbao za kuandikia. Mwanzoni hakuna aliyesikia kitu. Kisha bibi mmoja akasema sakafu imelowa, ni nani kamwaga maji? Walipotazama waliona saruji inatoa umande, vitone vidogo kwa maelfu, na ubaridi ukaanza kupanda miguuni. Madarasa yakajaa ukungu mwembamba. Mtu akapiga chafya, kicheko kikatoka kona ya chumba, na Tatu, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akaomba shuka.

Mtoto wake alilia jioni ile. Alilia kwa hasira, kwa mapafu yake yote. Daktari Shemweta alikaa chini mlangoni akasikiliza kana kwamba hajawahi kusikia mtoto akilia.

Joto lilikaa siku nyingi. Rasi Shunga ilizika wengine wawili, wote wazee sana, waliokataa kutoka majumbani mwao. Miji ya jirani haikuweza kuhesabu maiti wake kwa vidole.

5

Shamba lilinyamaza miezi miwili. Nyemo alipita kila asubuhi kati ya visiki, sasa bila sweta, akikwaruza magome kwa ukucha kutafuta ukijani. Mara aliupata, mara hakuupata. Moyo mpya wa pampu ulifika, Riziki akaufunga, na baridi ikarudi shambani kwa watu walioingoja na kwa miti ambayo haikutoa dalili yoyote ya kuchipua.

Wakati huo huo bandani maji ya zabibu yalikuwa yanachachuka kwenye matangi. Yalikuwa na sukari kidogo, hivyo yalichachuka taratibu na kumaliza mapema. Nyemo hakuyaongezea kitu. Ushirika ulikuwa na chombo walichokiita Ulimi, mashine iliyobeba kumbukumbu ya mvinyo wa zile pwani zilizopotea. Ulipima kila tangi na kusema limefanana nazo kwa kiasi gani. Mwaka uliotangulia Ulimi uliwasifu, na wanunuzi walikuja kwa sifa hizo. Safari hii Ulimi ulitoa alama ya chini kuliko zote, ukashauri waongeze sukari na kupunguza uchachu.

"Tufuate?" Semfuko aliuliza.

"Onja kwanza, Mwenyekiti."

Walikuwa wanne kwenye meza ya banda: wao wawili, Daktari Shemweta, na Riziki, aliyekuwa amejiletea glasi yake ya juisi ya ukwaju. Mvinyo ulikuwa karibu hauna rangi, una ukijani kidogo pembeni kama maji ya bahari kwenye mchanga. Nyemo aliuzungusha, akanusa. Ganda la ndimu. Jani lililopondwa vidoleni. Kitu kama jiwe la ufukweni wimbi likishalilowesha na kuondoka. Alipouonja ulimkamata pande zote mbili za ulimi, ukali safi, ulionyooka, bila utamu wa kumbembeleza mtu, na ulipopita ukaacha chumvi na hamu ya kuonja tena.

Mvinyo wa mwaka jana ulikuwa mzuri. Lakini ulikuwa mzuri kwa namna ya mtu anayeiga sauti ya mwingine vizuri. Huu haukuwa wa pwani yoyote aliyoijua.

Semfuko alikunywa, akakunja uso, akafumba jicho moja. Wakamngoja.

"Embe bichi," alisema mwishoni. "Embe bichi na chumvi, lile la kununua getini ukitoka shule." Akanywa tena. "Huu ni wa kwetu kabisa. Nani mwingine ana kitu hiki?"

"Hakuna," Nyemo alisema. "Ndiyo maana Ulimi hauujui."

Daktari alicheka akasogeza glasi yake. Riziki akawauliza kama kweli unafanana na embe au wanajidanganya, wakaanza kumweleza wote kwa pamoja, yeye akiwasikiliza kwa makini kama mtu anayeelezwa nchi asiyokusudia kwenda.

Ndipo alipoingia yule mzee wa kikaoni, kofia mkononi, akihema. "Njooni mstari wa mikoko," alisema. "Njooni, nimeona kitu, na macho yangu siyaamini."

Walikimbia wote. Kwenye visiki vya mstari wa chini, pale gome lilipopasuka, macho yalikuwa yamefumbuka: vijichipukizi vya waridi na kijani, vidogo kuliko punje ya mpunga, vyenye manyoya laini. Si miti yote. Walipomaliza kuzunguka, Nyemo alikadiria kwamba theluthi ya shamba ilikuwa imekwenda. Lakini iliyoamka ilikuwa imepita kwenye udongo wa moto na kurudi. Angekata vipandikizi kutoka kwayo, na mapengo yangejazwa na watoto wa miti iliyojua joto. Alipiga magoti kwenye tope, akacheka peke yake kama mwendawazimu.

Semfuko alikuwa amechuchumaa karibu naye, anachungulia chipukizi bila kuthubutu kuligusa.

"Mama Mvinyo," alisema. "Mwakani tutavuna lini?"

Nyemo alimtazama. Wote wawili walijua swali lile lilikuwa linauliza nini.

"Zikiwa mbichi," alijibu. "Kila mwaka, kabla joto halijaja. Halafu tunailaza, na maji yanakwenda shuleni hata kabla Daktari hajaja kuomba."

Semfuko alitikisa kichwa akikubali, polepole. Kisha akainuka, akajipangusa magoti, akamwita Riziki waende wakaone vile vibomba vya shule, maana alikuwa amesikia kwamba darasa la mwisho, lile la upande wa bahari, halipati baridi vizuri.